Treni za Makopo: Mchezo wa Watoto au Amana ya Mji?



Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, kamati yetu ya msikiti ilifanya usafi katika stoo ya madrasa. Nyuma ya majamvi chakavu tulikuta garimoshi lenye mabehewa saba, lililotengenezwa kwa makopo ya maziwa, waya na ndala zilizokatwa. Iliulizwa ni mali ya nani; hapakuwa na mwenye kujibu. Nasi, kwa nafasi yetu ya ukatibu, tukaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba takataka zote zitolewe. Zikatolewa. Kesho yake alikuja mtoto wa miaka kumi na mmoja, akasimama mlangoni, akatazama pale pembeni palipokuwa patupu, kisha akaenda zake bila kusema neno. Kwa muda wa wiki tatu hakuonekana darasani.

Mama yake ndiye aliyetutafuta baada ya swala ya Ijumaa. Alitueleza kwamba kila alasiri mwanawe alikuwa akienda kukaa kandokando ya reli kuyatazama mabehewa, na siku mbili hizo jirani alimkuta amekaa juu ya chuma chenyewe, akipima kwa kijiti upana wa njia. Akatuuliza: "Ustadh, mmemnyima reli ya makopo, naye amehamia kwenye reli ya chuma. Ipi kati ya hizo mlikuwa mnaihofia?"

Hatukuwa na jibu. Makala ya leo ni matokeo ya swali hilo. Tumelitafutia jibu kwa kuuliza, kusoma na kusikiliza, na tumeona tulilojifunza lifae kwa wazazi wenzetu, kwani ni nyumba chache katika mji huu ambazo hazijapata kutupa jalalani kitu alichokitengeneza mtoto.

Kwanza ifahamike kwamba mchezo huu si wa watoto wa Tabora peke yao, wala si wa watoto peke yao. Kampuni ya Märklin, iliyoanzishwa mwaka 1859 katika mji wa Göppingen nchini Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 treni za kuchezea zilizotengenezwa kwa vipimo maalumu vya njia. Faida yake ilikuwa kwamba aliyenunua kichwa cha treni mwaka huu angeweza kununua behewa mwaka ujao, na viwili hivyo vikatembea katika njia moja. Huko Liverpool, Uingereza, Frank Hornby, ambaye alikwisha kujulikana kwa vipande vyake vya chuma vya kuunganisha viitwavyo Meccano, alianza kuuza treni ndogo mwaka 1920. Na mjini London kipo chama cha watu wazima wapendao treni hizo kilichoasisiwa mwaka 1910, kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya aina yake. Watu hao ni mahakimu, mafundi bomba, walimu na wastaafu. Hukutana jioni baada ya kazi, wakainamia meza kubwa yenye milima ya karatasi na mito ya gundi, na kuendesha treni zinazoweza kukaa kiganjani.

Msomaji atauliza: wanaona nini humo? Jawabu ni kwamba hawaoni kitu kimoja. Hili ndilo lililotushangaza zaidi. Tulidhani kwamba mwenye kupenda treni ndogo anapenda treni ndogo, basi. Kumbe ndani ya chama kimoja kuna watu wa nia mbalimbali kabisa, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa ana wazimu kidogo.

Yupo anayependa chuma chenyewe: magurudumu, ekseli, mikono ya injini ya mvuke inavyokwenda na kurudi. Huyu akimaliza kutengeneza kichwa kimoja baada ya miaka miwili, wala hana haja ya kukiendesha. Yupo anayependa mandhari: yeye hutengeneza miti, nyasi, kibanda cha muuza chai na kutu ya paa la bati, na treni kwake ni kisingizio tu. Yupo anayependa ratiba, ambaye furaha yake ni kuona treni ya mizigo imepisha ya abiria katika stesheni sahihi, kwa dakika sahihi. Yupo wa umeme, nyaya na ishara. Yupo mkusanyaji, mwenye makabati yaliyojaa mabehewa ambayo hayajatoka kwenye maboksi yake. Na yupo mwanahistoria, atakayekesha akitafuta picha ya zamani ili ajue mlango wa stesheni fulani ulipakwa rangi gani mwaka fulani.

Mfano mashuhuri ni chama cha wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1946. Wanachama wake waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilishughulika na yale ya juu ya meza: rangi, majengo na vichwa vya treni. Kundi la pili lilijikunyata chini ya meza, katika msitu wa nyaya na swichi zilizotoka kwenye mitambo ya simu, likibuni namna ya kuziongoza treni nyingi kwa wakati mmoja. Chuo kilipopata kompyuta zake za awali katika miaka ya 1950, vijana wa chini ya meza ndio waliokuwa wa mwanzo kuzizunguka usiku na mchana, na baadhi yao wakawa miongoni mwa waasisi wa uandishi wa programu. Hawakuambiwa na mtu kwamba mchezo wao ungefika huko. Ila hawakupata pia mtu wa kuwatupia meza yao jalalani.

Huko Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 jengo la maonyesho liitwalo Miniatur Wunderland, ambalo leo lina zaidi ya kilomita 15 za njia ndogo, na watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kulitazama. Kitu ambacho mzazi mmoja angekiita upuuzi kimekuwa ajira ya mamia ya watu.

Sasa turudi kwetu, kwani tulikwenda mbali kwa makusudi ya kurudi. Vyama hivi vyote hudumu kwa jambo moja: kipimo. Watu wa nia tofauti hukaa meza moja kwa sababu wamekubaliana kwanza upana wa njia na uwiano. Uwiano unaotumika sana duniani ni 1 kwa 87, yaani mita 87 za kitu cha kweli huwa mita 1 ya kitu kidogo. Marekani walianzisha jumuiya yao ya taifa mwaka 1935, mjini Milwaukee, kwa sababu hiyo hasa: kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake, na treni ya huyu haikuweza kukanyaga njia ya yule.

Maradhi hayohayo tuliyakuta katika uwanja wa madrasa yetu. Baada ya swali la yule mama tulimwendea mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi mstaafu aliyefanya kazi katika karakana ya reli tangu ujana wake. Tulimwomba aje awaone watoto, kwani ilibainika kuwa mwenye treni hakuwa mmoja. Walikuwa sita, na mmoja wao msichana. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, akaziangalia treni tatu zilizosalia katika nyumba zao, akacheka kwa upole. "Wajukuu zangu," akasema, "kila mmoja wenu amejenga nchi yake. Treni ya huyu haiwezi kwenda kumsalimu yule."

Kisha akatoa rula na kuwafundisha hesabu. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, yaani milimita 1,000. Tukichukua uwiano wa 1 kwa 20, upana wa reli ya makopo utakuwa milimita 50, sawa na sentimita 5. Akachonga kijiti cha mninga chenye urefu huohuo, akakitoboa na kukifunga uzi. Njia isiyolingana na kijiti si njia, na gurudumu lisilolingana na kijiti si gurudumu. Akawaonyesha pia kwamba gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo ndio unaoizuia treni isiteleze nje. Watoto walikuwa wakikata duara la ndala tupu. Sasa wanaambatanisha na duara kubwa kidogo la bati, na treni hazianguki tena kwenye kona. Mwalimu wa hesabu katika shule yao alituambia kwamba wawili kati ya hao sita walikuwa hawaelewi uwiano hata kidogo. Wameuelewa wakiwa wamechuchumaa vumbini.

Baada ya kijiti kupatikana, tukaziona kwa macho yetu zile nia mbalimbali tulizokwisha kuzieleza. Yule mtoto aliyepotelewa na treni ni mtu wa chuma: hana hamu na kitu kisichozunguka. Mwenzake anapenda kutangaza. Husimama kwenye kichuguu na kuzitaja stesheni kwa mpangilio, kuanzia Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Manyoni hadi Tabora, na ole wake atakayemkatiza. Wa tatu ni wa miembe, ambayo huiunda kwa vijiti na majani makavu. Msichana ndiye bingwa wa kupanga mabehewa. Mzee alimweleza kwamba Tabora ni makutano: treni itokayo Dar es Salaam ikifika hapa, mabehewa ya Mwanza hukatwa yakaenda kaskazini na ya Kigoma yakaendelea magharibi. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkuu wa stesheni, na wavulana humtii, jambo ambalo hatujaliona darasani.

Wazazi wenzetu, tuitazame Tabora yenyewe, tuone ni kitu gani kinachowezwa kuhifadhiwa na mikono midogo kama hiyo. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914, safari nzima ikiwa takriban kilomita 1,250. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kwa reli hiyo meli nzima ilisafirishwa: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku na kupelekwa Kigoma kuungwa upya. Ndiyo hiyo tunayoiita leo Liemba. Hebu mzazi amweleze mwanawe kwamba meli ilipita katika stesheni ya Tabora ikiwa juu ya treni, kisha amtazame uso wake.

Jirani zetu wa Nairobi walitanabahi mapema. Walifungua makumbusho ya reli mwaka 1971, na humo vimo vichwa vya mvuke vya shirika la reli la Afrika Mashariki. Kimo kichwa cha daraja la 59, moja ya 34 vilivyotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock kati ya mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hicho namba 5918 kinaitwa Mount Gelai, mlima ulio kaskazini mwa nchi yetu. Kimo pia kichwa namba 3020 kiitwacho Nyaturu, jina la jirani zetu wa Singida. Wapo watu wa Ulaya ambao hawajapata kuikanyaga Singida wala kuuona mlima huo, nao wametumia miaka wakitengeneza mifano midogo ya vichwa vya reli yetu, msumari kwa msumari. Sisi ambao babu zetu walivitia mafuta, tulikitoa nje na takataka kile kilichotengenezwa na mwana wetu.

Tena muda hautusubiri. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katika reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, na vipande vya kuileta Tabora viko katika ujenzi. Ni neema, na twaiombea ikamilike kwa salama. Lakini wanaoijua reli ya mita moja kwa mikono yao wanazidi kupungua, na maarifa yao hayamo vitabuni. Yamo katika namna mzee anavyogonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza kama lina ufa.

Tunafika sasa kwenye jambo zito zaidi, ambalo hatukulitarajia katika mchezo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni takriban kilomita 840. Kwa ule uwiano wa 1 kwa 87, njia hiyo ingehitaji kilomita 9.7 za reli ndogo. Kwa hiyo hakuna awezaye kutengeneza yote; kila mjenzi huchagua nini aweke na nini aache. Watoto wetu walipomaliza stesheni walitaka kutengeneza pia njia ya zamani, ile ya misafara, kwani walijifunza shuleni kwamba kabla ya reli watu walikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapa Kazeh. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba 7, zaidi ya miezi minne. Watoto wakachora njia vumbini, wakapanda miembe yao, wakajenga tembe la Kwihara ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Kisha yule msichana akatuuliza: "Ustadh, tuwaweke watu? Na tukiwaweka, tuweke na waliofungwa minyororo?"

Maswali ni mawili, na tuliyajibu moja baada ya jingine.

La kwanza ni la fiqhi. Kuhusu miti, nyumba, treni na kila kisichokuwa na roho, uzito haupo. Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kuhusu sanamu za watu na wanyama, makatazo yanajulikana, lakini kwa vitu vya kuchezea vya watoto imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza, bali aliwaruhusu wenzake waje kucheza naye. Katika riwaya ya Abu Dawud, aliona miongoni mwa wanasesere hao farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa, akamuuliza, naye akajibu kwa kuwataja farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) wenye mabawa, Mtume akacheka. Wanazuoni wengi wamechukua humo ruhusa kwa michezo ya watoto, na wapo walioona vingine. Sisi tuliwaambia watoto kwamba ruhusa ipo, na kwamba mwenye kuacha kwa tahadhari hana lawama.

La pili ni la historia, nalo ni gumu zaidi kwa watu wazima kuliko kwa watoto. Baadhi ya wajumbe wa kamati walisema iwekwe njia na miembe tu, mengine ni machungu na hayafai kwa madrasa. Yule mzee, ambaye kwa kawaida huzungumza kwa nadra, ndiye aliyetujibu: "Njia hii walipita Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira wao, watu huru, hodari, waliojua kila kisima hadi pwani. Na njia hiyohiyo walipita waliofungwa. Mkimwonyesha mmoja mkamficha mwingine, hamkujenga njia, mmejenga uongo."

Tuliafikiana naye, na hapa hatuna budi kusema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Miongoni mwa wenye misafara hiyo walikuwamo Waislamu, watu wa dini yetu, waliojenga misikiti na kusimamisha swala, na bado wakauza binadamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na si kwa juhudi zetu. Kumficha mtoto hilo hakuulindi Uislamu. Uislamu umeamrisha uadilifu hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zetu. Mtoto atayasikia hayo siku moja kutoka kwa mtu mwingine, na siku hiyo atajiuliza kwa nini sisi tulimnyamazia.

Watoto wenyewe ndio waliotoa ufumbuzi. Hawakuweka mtu hata mmoja. Kando ya njia walipanga mizigo midogo ya vitambaa, ya wapagazi, kana kwamba wenyewe wamekwenda kisimani. Na upande wa pili msichana akalaza waya mwembamba aliousokota mithili ya mnyororo, ukinyooka kuelekea mashariki. Wazazi waliokuja kutazama walipofika hapo walikaa kimya. Mmoja akamshika mwanawe mkono, wakaenda kukaa chini ya mwembe wa kweli, wakazungumza kwa muda mrefu.

Ndugu wasomaji, tumeyaeleza haya ili tutoe nasaha chache kwa wazazi, na tunaanza kwa kujinasihi wenyewe.

Kwanza, usitupe alichokitengeneza mtoto kabla ya kumuuliza ni nini. Mtume (S.A.W.) alimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake, na kindege kilikuwa kitu kidogo kuliko garimoshi lenye mabehewa saba.

Pili, mpe mahali. Mtoto asiye na pembe ya kuchezea nyumbani ataitafuta nje. Reli ya kweli si uwanja wa michezo. Treni haiwezi kusimama ghafla, na haimjui mwana wa nani. Mtoto apelekwe kuitazama akiwa na mkubwa, akae mbali na tuta, na asiokote msumari wala chuma chochote cha njia, kwani hiyo ni mali ya umma na uhai wa abiria uko juu yake.

Tatu, gharama iwe ndogo. Treni za viwandani zauzwa kwa fedha nyingi, na katika vyama vya ng'ambo wapo walioziingiza familia zao katika madeni kwa ajili ya mabehewa. Huo ni israfu. Makopo, mabua, waya na ndala zilizokatika zatosha. Tena kisichonunuliwa humlazimisha mtoto kufikiri.

Nne, muda uwe na mpaka. Watoto wetu huanza baada ya alasiri na huacha kabla ya adhana ya magharibi. Kiongozi wa ratiba ndiye anayewakumbusha wenzake, naye hufanya hivyo kwa ukali kuliko sisi.

Tano, mtafutie mtoto mwenye ujuzi. Katika kila mtaa wa Tabora yupo mzee aliyekuwa dereva, fundi, mpiga ishara au mkata tiketi. Wengi wao hukaa barazani tangu asubuhi bila kuulizwa kitu. Mpeleke mwanao akamsalimie, shikamoo yake iwe na swali ndani yake.

Na sita, usimlazimishe mtoto apende anachopenda mwenzake. Anayetangaza stesheni na anayekata bati wote wamo katika safari moja, maadamu wamekubaliana kipimo. Hili twalisema pia kwa kamati za misikiti, ambako mara nyingi tunagombana kwa sababu mmoja anapenda ujenzi, mwingine darsa, na wa tatu hesabu.

Kamati yetu ilikaa tena mwezi uliopita. Katika kumbukumbu za kikao tumeandika kwamba uamuzi wa awali kuhusu stoo umefutwa, kwamba rafu moja ya chini ni ya watoto, na kwamba katibu amemwomba radhi mwenye treni. Alitusamehe, ila alituomba bati la debe moja la mafuta kama fidia, na tumelitoa.

Wiki iliyopita watoto walimrudia mzee na kumwambia wanataka kujenga reli mpya kando ya ile ya zamani. Alipiga hesabu: milimita 1,435 kugawanya kwa 20 ni karibu sentimita 7.2. Akachonga kijiti cha pili. Sasa vyote viwili vinaning'inia kwenye msumari mmoja ndani ya stoo, kifupi na kirefu, na kila kimoja kimeandikwa kipimo chake kwa kalamu ya wino.

Wabillahi tawfiq.